Kuhamisha mguu wa tembo kutoka chunguni kwenda ardhini, Lubumbashi: nifanye nini na udongo mzito?

Mama_wa_Golf aliandika:

Ndugu wapenda bustani, nawasalimu. Nina mimea mitatu ya Beaucarnea recurvata, ambayo wauzaji wa miche huiita pied d'éléphant na sisi nyumbani huiita mguu wa tembo, na nimeamua kwamba mwaka huu lazima itoke vyunguni iingie ardhini. Imekaa barazani tangu watoto wangu wakiwa wadogo. Miwili ina shina moja moja, na kitako cha kila shina kimefikia upana wa sentimita 40 hivi. Wa tatu una mashina matatu yaliyobanana ndani ya chungu kimoja cha saruji, na chungu hicho kimeanza kupasuka upande mmoja kwa kusukumwa kutoka ndani.

Mahali ninapopafikiria ni ukanda ulio kati ya geti na baraza, upande wa kaskazini wa nyumba, ambao hupigwa na jua tangu asubuhi hadi jioni. Kila kiangazi nyasi za hapo hufa zote, kwa sababu maji ya bomba hayaji kila siku na yale ya kisima tunayaweka kwa ajili ya jikoni na kufulia. Ndiyo maana nataka mimea isiyodai maji. Lakini udongo wenyewe ni ule mwekundu mzito anaoujua kila aliyewahi kushika jembe katika mji huu: kiangazi hupasuka nyufa zinazomeza kidole, na mvua kubwa ikinyesha usiku, maji hubaki yametuama juu yake hadi asubuhi. Nimesoma kwamba mmea huu huoza upesi ukikaa kwenye maji, na hofu yangu kubwa iko hapo.

Naomba basi mnisaidie. Je, nipande sasa, mwishoni mwa mwezi wa nane, au ningoje mvua? Je, nichimbe shimo kubwa na kulijaza mchanga, kama anavyonishauri fundi aliyenijengea ukuta? Niuweke umbali gani kutoka ukuta wa ua na shimo la maji ya choo, maana sijui mizizi yake ina nguvu kiasi gani? Na ule wenye mashina matatu, niutenganishe au niuache ulivyo? Nina wajukuu wanaokimbia huku na huko, kwa hiyo ningependa pia kujua kama majani yake yana sumu.

Mtunza_Kitalu alijibu:

Mama, salamu na heshima. Kazi yangu ni kuotesha na kupanda mimea ya bustani hapa hapa Lubumbashi, na nakubaliana nawe kwamba suala la maji ya mvua ndilo la kwanza. Mengine yote ni madogo mbele yake. Wateja wengi huniuliza kama mguu wa tembo utastahimili kiangazi chetu, nami huwajibu kwamba kiangazi ndicho kilichouumba. Kitako kile kilichovimba ni ghala la maji, na mmea mkubwa uliokwisha kushika ardhi unaweza kupita miezi yote mikavu bila kunyweshwa. Mimea ninayoitwa kuitazama ikiwa inakufa huwa inakufa kati ya mwezi wa kumi na mbili na wa tatu, mvua ikiwa imekolea, na si mwezi wa tisa.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, ushauri wa fundi wako uuache. Ukichimba shimo refu katika udongo mzito na kulijaza mchanga, utakuwa umejenga birika chini ya ardhi: maji ya uwanja mzima yatakimbilia pale palipo rahisi kupenya, yatashuka mchangani, yatafika kwenye udongo usiopitisha maji na kukaa hapo, chini ya mizizi, mahali usipoyaona. Juu patakuwa pakavu, nawe utaamini kwamba mambo ni salama. Fanya kinyume chake, panda juu. Lima eneo la duara lenye upana wa mita 1.5 hadi 2, kina cha sentimita 20 tu, ili udongo wa asili ulegee, kisha ujenge juu yake kilima cha sentimita 40 hivi chenye miteremko ya taratibu. Mchanganyiko ninaoutumia ni sehemu moja ya udongo wa juu wa hapo hapo, sehemu moja ya mchanga mkubwa wa mto, na sehemu moja ya kokoto au matofali ya kuchoma yaliyopondwa vipande vya sentimita 1 hadi 2. Matofali yaliyovunjika hayakosekani penye ujenzi, na mara nyingi mwenye kiwanja hushukuru ukimwondolea.

Udongo wa kichuguu, ambao wengi huusifu kwa mboga, usiutumie hapa. Una mfinyanzi mwingi, ndiyo maana watu huufyatulia matofali, na ukilowa hukaa na maji muda mrefu. Wala usikubali kuletewa yale mabaki meusi ya tanuri za shaba ili yawe badala ya kokoto, hata kama yanapendeza machoni na yanatolewa bure. Yana metali ambazo hutaki zikae kwenye mizizi, sembuse mikononi mwa wajukuu.

Wakati wa kupanda, kitako kisifukiwe. Pale ambapo kitako hukutana na mizizi ndipo pawe usawa wa udongo, au juu kidogo ya usawa huo, kwa kuwa kilima kipya hudidimia kidogo baada ya mvua za kwanza. Watu hufukia kitako nusu ili mmea usiyumbe, na hilo ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko mengine: udongo wenye unyevu ukigusa gamba la kitako majira yote ya mvua, kuoza huanzia hapo. Ukiyumba, ushikilie kwa mawe matatu makubwa yaliyoegemezwa kando ya kitako, si kwa mti wa kuegemeza, maana mchwa wataufuata mti huo na kukaa karibu. Juu ya kilima tandaza kokoto, si nyasi kavu wala majani makavu.

Kuhusu majira, mimi ningepanda katika wiki mbili za kwanza za mwezi wa tisa. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba imekwisha, ardhi imepata joto, na mizizi huamka. Ukimwagia lita 10 za maji kila baada ya siku kumi au wiki mbili, mizizi mipya itakuwa imetoka na kushika kabla ya mvua kubwa za mwezi wa kumi na moja. Mmea wenye mizizi hai hunyonya maji ya mvua. Mmea ambao mizizi yake imekatika jana na bado haijapona hauna la kufanya nayo.

Kuhusu umbali, usijali sana mizizi, kwa sababu ni myembamba, hukaa karibu na uso wa ardhi, na haina tabia ya kupasua misingi kama mizizi ya mtini. Kinachosukuma ni kitako chenyewe. Katika mimea mikongwe kitako huweza kupita mita 1 kwa upana, na chochote kilicho karibu nacho, kiwe ni ukingo wa saruji au mawe ya kutandaza, kitainuliwa. Acha mita 2.5 hadi 3 kutoka ukuta wa ua, na mita 3 kutoka shimo la maji ya choo, si kwa hofu ya mizizi, bali ili siku shimo likihitaji kufunguliwa mmea usiwe njiani.

Majani hayana sumu kwa watu, wala kwa mbwa au paka. Ila yana meno madogo sana pembeni, ambayo huyahisi tu ukipitisha kidole kutoka nchani kurudi kwenye shina, nayo yanaweza kuchana ngozi laini. Mtoto akilishika jani na kulivuta, atajikata. Kwa kuwa majani hufikia urefu wa mita 1 na zaidi na huning'inia, usipande karibu na njia ambayo watoto hupita mbio.

Kijana_wa_Likasi alijibu:

Nimesoma maelezo ya Mtunza Kitalu na nakubaliana naye kuhusu kilima, lakini kuhusu mwezi wa tisa nina mashaka. Wazee wetu walipanda miti mvua zilipokwisha kuanza, na hawakuwa wajinga. Zaidi ya hapo, Mama amesema kwamba mimea yake imekaa barazani miaka mingi. Mmea uliozoea kivuli cha baraza ukiutoa na kuuweka upande wa kaskazini, katika jua la mwezi wa tisa na wa kumi, ambalo ndilo kali kuliko yote katika mwaka wetu kwa sababu mawingu bado hayajaja, majani yake yataungua. Nimeona mguu wa tembo uliofanyiwa hivyo kwenye ua wa jirani: majani yalipata mabaka meupe upande wa juu, kisha mabaka yakawa rangi ya majani makavu, na mmea ukabaki na kichwa kibaya mpaka mwaka uliofuata. Mvua zikianza, mawingu hufunika jua sehemu kubwa ya siku, na mmea huzoea taratibu. Kwa nini tusingoje?

Mtunza_Kitalu alijibu:

Ndugu yangu wa Likasi, kuhusu jua umesema kweli, na ni jambo ambalo lilistahili kutajwa mapema. Lakini dawa yake si kungoja mvua. Mama aanze leo kuitoa mimea ikiwa bado vyunguni: wiki ya kwanza ikae ukingoni mwa baraza ipate jua la asubuhi peke yake, kisha isogezwe kila baada ya siku chache, na baada ya wiki mbili hadi tatu itakuwa imezoea kukaa nje mchana kutwa. Baada ya kupandwa, kipande cha gunia au kitambaa chepesi kilichofungwa juu ya vijiti upande wa magharibi kitatosha kwa mwezi wa kwanza. Hata baadhi ya majani yakiungua, hayo ni majani tu. Mapya hutoka katikati ya kichwa. Kitako kikioza hakuna kingine cha kuupa mmea nafasi.

Kuhusu wazee, walipanda miembe na miparachichi na miti mingine inayotaka maji mara inapogusa ardhi, nao walifanya sawa. Mmea huu una maji yake ndani. Hauna haraka ya kunyweshwa.

Mwalimu_wa_Mimea alijibu:

Ningependa kuongeza machache kuhusu asili ya mmea huu, kwa sababu naona yanaeleza kwa nini Mtunza Kitalu ana haki katika jambo la msingi.

Ingawa kwa umbo watu wengi huudhani kuwa mnazi au mchikichi mdogo, mguu wa tembo si wa ukoo huo hata kidogo. Uko katika familia ya Asparagaceae, pamoja na dracaena, ambazo wengi wetu tumezipanda uani, na pamoja na katani. Charles Lemaire ndiye aliyeupa jina Beaucarnea recurvata mwaka 1861, na vitabu vingine vya zamani huuita Nolina recurvata, kwa hiyo Mama akikutana na jina hilo asidhani ni mmea mwingine. Kwao ni mashariki mwa Meksiko, katika majimbo ya Tamaulipas, San Luis Potosí na Veracruz, ambako huota kwenye miteremko yenye mawe, mara nyingi mawe ya chokaa, ndani ya misitu inayopukutisha majani wakati wa ukame. Huko kuna majira ya mvua yenye joto na kisha miezi mingi mikavu, mpangilio ambao sisi wa Katanga tunaufahamu vizuri, ila wao wako kaskazini ya ikweta na miezi yao imepinduka. Kwa hiyo hali ya hewa ya Lubumbashi inaufaa mmea huu kuliko miji mingi ninayoweza kuitaja. Kinachotofautiana ni ardhi. Huko maji ya mvua huanguka juu ya mawe na kuondoka, hapa huanguka juu ya mfinyanzi na kubaki. Kilima cha kokoto ni njia ya kuurudishia mmea mteremko wake.

Baridi yetu ya usiku wa mwezi wa saba haitaudhuru mmea mkubwa, kwa kuwa huweza kustahimili hata digrii chache chini ya sifuri kwa muda mfupi. Miche midogo ndiyo ya kulindwa, hasa kwa wale wanaokaa karibu na mabonde yenye majimaji, ambako baridi hushuka na kulala, na asubuhi nyingine umande huganda kwenye nyasi.

Kuhusu maua, mtu asipande mmea huu kwa kuyatarajia haraka. Huhitaji miaka mingi, mara nyingi zaidi ya 10, kabla ya kutoa shada lake kubwa la maua madogo ya rangi ya maziwa, ambayo husimama juu ya majani na kuvuta nyuki wengi. Mmea mmoja huwa ni wa kiume au wa kike, si vyote viwili, kwa hiyo mbegu hazipatikani mpaka pawe na jinsi zote mbili karibu. Baada ya kuchanua, ncha iliyotoa shada haiendelei tena kurefuka, na machipukizi ya pembeni hutokea chini yake. Hivyo ndivyo mmea wenye kichwa kimoja unavyopata vichwa vingi kwa njia ya asili. Wakulima wa vitalu hupata matokeo kama hayo kwa kukata ncha.

Jambo la mwisho, ambalo huenda likawagusa wauzaji zaidi kuliko Mama. Huko Meksiko mimea hii imepungua sana porini kwa sababu ya kung'olewa kwa ajili ya biashara na kwa sababu misitu yake imekatwa, na katika mkutano wa CITES, yaani mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016, jenasi yote ya Beaucarnea (aina zake zote) iliingizwa katika Kiambatisho cha II, orodha ya viumbe ambavyo biashara yake kati ya nchi na nchi huhitaji kibali, uamuzi ulioanza kutumika mwezi wa kwanza mwaka 2017. Anayeagiza mimea mikubwa kutoka nje ya nchi anapaswa kudai hati zake. Miche iliyooteshwa kwa mbegu vitaluni ipo tele duniani, na hakuna sababu ya mtu kununua mmea uliotolewa msituni.

Jiwe_Jeusi_Goma alijibu:

Salamu kutoka Goma. Ninaingia katika mazungumzo haya kwa sababu hali yetu ni kinyume cha ya Mama, na huenda ikamsaidia kuona jambo moja waziwazi. Huku tuko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, joto si kubwa, na mvua hutuacha kwa muda mfupi tu katikati ya mwaka. Mtu akisoma vitabu atadhani mguu wa tembo haufai kabisa kupandwa nje katika mji kama huu. Lakini katika mitaa iliyofunikwa na lava ya mwaka 2002, udongo ni mchache na mawe ni mengi, na mimea ninayoifahamu imepandwa moja kwa moja katika vipande vya mawe hayo meusi yenye matundu, na udongo kidogo sana umetiwa kati yake. Mvua hunyesha, maji hupita, na baada ya muda mfupi ukipitisha mkono kati ya mawe huoni hata tope. Mimea hiyo haiozi. Hukua polepole, kwa kuwa jua letu ni dogo, lakini haiozi. Kwa hiyo, Mama, usihesabu mvua ni nyingi kiasi gani. Tazama maji yanakaa muda gani mahali pamoja.

Kinachotusumbua sisi ni wadudu. Kwenye mimea iliyopandwa karibu na kuta, ambako hewa haipiti vizuri, vidung'ata hujificha pale majani yanapotokea kwenye shina, ndani kabisa, na mtu asiyefunua majani hawezi kuwaona. Utakachokiona kwanza ni utando mweupe kama pamba na majani ya chini yanayonata ukiyashika. Vidugamba nao hukaa upande wa chini wa jani, wamejipanga kufuata mshipa wa katikati, na wengi hudhani ni madoa ya jani lenyewe. Kwaruza kwa ukucha, likitoka ni mdudu. Maji yenye sabuni kidogo ya kufulia na kitambaa hutosha wakiwa wachache, mradi urudie kila wiki mpaka waishe na usiache sabuni ikatiririka na kutuama kwenye mizizi.

Mniruhusu niseme pia neno kuhusu sura, ingawa hakuna aliyeuliza. Siku hizi kila geti jipya lina mguu wa tembo mmoja kulia na mmoja kushoto, vimo sawa, mawe meupe yamepangwa kwa duara. Kwa kuwa mmea huu hukua kwa mwendo wake wenyewe, mmoja lazima utampita mwenziwe, na baada ya miaka michache ule ulinganifu huwa kichekesho. Mama ana mimea mitatu isiyolingana. Aipande kwa pamoja kwenye kilima kimoja kirefu, ule wa mashina matatu ukiwa nyuma, na hiyo mingine miwili mbele kwa umbali tofauti, mita 2 na mita 3 kwa mfano, na mawe makubwa kati yake. Itaonekana kama imeota hapo.

Mama_wa_Golf aliandika:

Nawashukuru sana wote. Fundi nimekwisha kumwambia asilete mchanga wa kujaza shimo; amenung'unika, lakini amekubali kuleta matofali yaliyopondwa. Kilima kimoja kirefu kimenipendeza kuliko vitatu, na sasa hivi vyungu viko ukingoni mwa baraza vikipata jua la asubuhi.

Yamebaki mawili. La kwanza ni ule mmea wa mashina matatu, ambao hamkunijibu bado. Vitako vyake vimegusana na kubanana kiasi kwamba kati yake hapapiti hata kisu. La pili ni kwamba mmoja kati ya ile miwili ya shina moja una mikunjo kwenye kitako, ngozi imelegea upande mmoja. Je, huo ndio mwanzo wa kuoza? Kama ni hivyo, sitaki kuuweka pamoja na wenzake.

Mtunza_Kitalu alijibu:

Mama, samahani kwa kuliruka la mashina matatu. Hiyo ni miche mitatu iliyopandwa pamoja ilipokuwa midogo ili chungu kionekane kimejaa, na ingekuwa bado midogo ningekuambia uitenganishe leo. Kwa ukubwa huo iache. Kila mmoja una mizizi yake, lakini mizizi hiyo imesukana, na ukiilazimisha kuachana utakata mingi na kujeruhi vitako vyenyewe, nawe utakuwa unaipeleka kwenye majira ya mvua ikiwa na vidonda vitatu. Ardhini vitako vitaendelea kusukumana, vitapata upande bapa pale vinapogusana, na huo ndio uzuri wake. Utakachofanya ni kuhakikisha kwamba katikati, pale vinapokutana, hapakai majani makavu wala udongo unaoshika maji. Mimina kokoto ndogo hapo, na kila mwisho wa mvua upekue kwa kijiti uone kama pamebaki safi.

Chungu kivunje, usijaribu kuutoa mmea kwa kuuvuta. Kilaze ubavu juu ya gunia, upige saruji kwa nyundo upande wenye ufa, na vipande viondolewe kwa mkono. Watu wawili wabebe mmea kwa kushika chini ya kitako, wakiutumia gunia hilo hilo kama machela, na asiwepo wa kushika shingo ya shina, kwa maana pale ndipo huvunjika. Majani yafunge juu kwa kamba laini kwanza, la sivyo wabebaji watachanwa mikono na uso. Mizizi iliyokatika au kuchubuka ipunguzwe kwa kisu safi, ipakwe unga wa makaa, na mmea ukae kivulini siku tatu hadi tano kabla ya kupandwa ili majeraha yakauke. Usinyweshe mpaka wiki moja ipite tangu kupanda.

Kuhusu mikunjo, bonyeza pale kwa kidole gumba. Kitako chenye kiu hulegea kwa usawa, lakini ndani ukibonyeza kuna ugumu, na harufu hakuna. Kikinyweshwa hujaa tena baada ya wiki chache. Kitako kinachooza huwa laini mahali pamoja, kidole huzama, ngozi ya pale huwa na rangi nyeusi zaidi kuliko magamba yenye nyufa yanayoizunguka, na ukinusa karibu utapata harufu ya kuchacha. Usidanganywe na majani, kwa sababu yataendelea kuwa ya kijani wiki nyingi kwa maji yaliyomo ghalani wakati chini pameshaharibika, na siku moja utaukuta mmea umelala. Kwa kuwa mimea yako imepita kiangazi kizima barazani na sasa ni mwezi wa nane, mimi nadhani hiyo ni kiu. Umwagilie mmea huo mara moja, maji mengi yapite na kutoka chini ya chungu, kisha uuache. Ikiwa mwishoni mwa mwezi wa tisa upande ule bado umelegea na kidole kinazama, ubakize chunguni mwaka huu, uuweke mahali pasipofikiwa na mvua, na hii mingine miwili itangulie.

Mama_wa_Golf aliandika:

Nimebonyeza. Ndani ni kugumu, na harufu hakuna. Nimemwagilia jioni hii.